Ubani Katika Chumba cha Filamu

Panya wa kwanza nilimkuta ndani ya kitabu cha leseni za baiskeli. Alikuwa amebanwa baina ya kurasa mbili, mkavu, bapa kama samaki ng'onda, mkia wake umetokeza nje. Mkuu wetu wa chumba aliitwa aje kumtazama. Alimnyanyua kwa mkia, akamtupa uani, akarudi mezani, akakilamba kidole kile kile alichomshikia panya, akafunua ukurasa uliofuata.

Nilikimbilia nje nikatapika. Chai yote ya asubuhi ilimwagika chochoroni, na mama mmoja aliyekuwa akifagia mlangoni kwake akanipa pole, akaniuliza mimba ina miezi mingapi. Nilikuwa sijaolewa.

Mimi tangu utoto ni mtu wa kinyaa. Sinywi maji kwa kata iliyokwisha kutiwa mdomo, sili pilau la shughuli mpaka nijue nani kapika, na nikiona unywele ndani ya chakula basi siku hiyo nimeshashiba. Shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, alikuwa akinicheka sana kwa jambo hili. "Wewe mwanangu," akisema, "mumeo labda atoke ndani ya boksi la sabuni." Yeye mwenyewe hakuwa na kinyaa hata chembe. Alikuwa akikaanga bajia barazani kwake, Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, na nzi akitua juu ya sinia alimpungia mkono tu kama anayemuaga mgeni.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Ofisi zilikuwa zikihamishwa, zikiunganishwa, zikipewa majina mapya, na kila ofisi iliyohama iliacha nyuma yake chungu ya makaratasi: vibali vya kujengea nyumba, leseni za maduka, ruhusa za mazishi, barua za masheha, kesi za mbuzi walioingia katika makonde ya watu. Likatoka shauri kwamba makaratasi yote hayo yapigwe picha, yatiwe katika filamu ndogo, mkanda mmoja ubebe kabati zima. Mimi nilikuwa najua kusoma hati za Kizungu na za Kiarabu, basi nikahamishiwa huko. Nilifurahi. Nilidhani nakwenda kufanya kazi ya picha.

Chumba chenyewe kilikuwa chini kabisa ya jumba moja la Mji Mkongwe, mahali palipokuwa ghala la mbata, zile nazi kavu. Kuta zake zilikuwa nene na zikitoka jasho mwaka mzima. Mbata ilishaondoka, lakini uvundo wake ulibaki, na wadudu wake pia, wadogo, weusi, waliokuwa wakitembea juu ya meza kama wenye nyumba. Makaratasi yaliletwa ndani ya magunia ya karafuu kutoka Mkokotoni, Chwaka, Makunduchi na humo humo mjini. Magunia ya Nungwi ndiyo yaliyonimaliza. Yalikuwa yamewekwa ghala moja na mapipa ya sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo vyao vya baharini, na sifa ilipenya mpaka katikati ya vitabu. Ukifungua ukurasa, papa. Ukirudi nyumbani, papa. Nilikuwa nikikoga kwa ndimu na bado paka wa mtaani wakinifuata.

Na juu ya hayo kulikuwa na makarani waliotutangulia. Hao walikuwa watu wa tambuu. Kila pembe ya karatasi ilikuwa na doa jekundu la mate yaliyokauka, maana walikuwa wakilowesha kidole mdomoni kila wanapofunua. Ni mate ya watu waliokwisha kufa zamani, na mimi nayashika kwa mikono yangu. Gundi ya majalada ilikuwa ya unga, kwa hivyo mende walikuwa wakiishi humo, wakila humo, wakitaga humo na kufia humo. Kazi yangu ilikuwa kuyakung'uta makaratasi, kuyanyoosha, kuyapanga, na kumpa mpiga kamera. Nilijifunga kitambaa puani. Mkuu wa chumba akaniamuru nikivue, eti nawadharau wananchi.

Mkuu huyo alikuwa nadhifu kuliko sote. Kanzu yake haikuwa na mkunjo, kofia yake ilikuwa imesimama wima, na alikuwa akipita unasikia harufu ya halud mpaka mwisho wa ukumbi. Alitaka aitwe Ndugu, lakini ukimwita Bwana Mkubwa aliitika haraka zaidi. Sijapata kumwona mtu msafi aliyenitia kinyaa kama yule. Kidole chake cha shahada hakikuwa na mapumziko: mavi ya panya, mdomoni, karatasi ya sifa, mdomoni, na saa nne ikifika halua, kwa kidole hicho hicho. Nilijaribu kukaa nimempa mgongo. Lakini nilikuwa nikimsikia, maana alikuwa akilamba kwa sauti.

Kamera ililetwa na fundi wa kigeni, kijana mrefu mwenye shingo nyekundu, aliyekaa nasi wiki chache kutufundisha. Ilikuwa imesimama juu ya mlingoti wa chuma, inatazama chini, na pembeni yake taa mbili kali. Karatasi unailaza chini ya kioo, mpiga kamera anabonya, unaitoa, unaweka nyingine. Filamu yenyewe hatukuweza kuisafisha hapa. Ilikuwa ikifungwa ndani ya makopo na kupelekwa nje ya nchi, na ikirudi huko ndipo unaweza kuona kilichomo. Mikanda ya mwanzo ilirudi yule fundi akiwa bado yupo. Tuliitia katika mashine ya kusomea, na kila herufi ilisomeka. Hata doa la yule panya lilionekana vizuri, mbavu zake zote.

Kabla ya kuondoka fundi alitupa masharti, na mkuu wetu akayatafsiri kwa sauti ya khutba. Vumbi marufuku. Upepo marufuku, maana unapeperusha karatasi na kuleta vumbi. Moshi marufuku kabisa, maana moshi unakwenda kuganda juu ya kioo cha kamera. Mkuu akaandika kwa mkono wake ubao mkubwa, MOSHI MARUFUKU, akautundika juu ya kamera. Tangu siku hiyo alikuwa akisimama mlangoni asubuhi na kuwanusa wanaume midomo. Mpiga kamera wetu, mtu mpole wa Mlandege aliyekuwa akivuta sigara tangu ujana, ilibidi aache, na kwa muda wa mwezi mzima hakuna aliyeweza kusema naye.

Madirisha yakapigwa misumari. Sasa fikiria chumba kile, bila ya hewa, taa mbili zinawaka kutwa, sifa imeshika moto wa taa, mbata inafufuka ukutani, na watu wanne wanatoka jasho. Nilikuwa nikivuta pumzi kwa mdomo, kisha nikikumbuka kwamba hewa hiyo sasa inapita juu ya ulimi wangu, nikarudi kuvuta kwa pua. Siku moja mkuu naye akashindwa. Aliweka leso puani, akatoka, akarudi baada ya adhuhuri amebeba chetezo cha udongo kutoka kwake, mkaa umeshika, na kipande cha ubani ndani ya karatasi.

Akakiweka chini ya meza ya kamera, akatia ubani. Moshi mweupe ukapanda taratibu, ukaizunguka ile kamera, ukapita mbele ya ule ubao wa MOSHI MARUFUKU, ukajaa darini. Mpiga kamera akautazama ubao, akanitazama mimi.

"Bwana Mkubwa," akasema, "na huu je?"

"Huu nini?"

"Huu moshi."

"Huu ubani," mkuu akajibu. "Moshi ni wa sigara na wa kuni. Ubani unafukuza shetani na uvundo. Au kwenu hawafukizi?"

Hapo mpiga kamera angesema nini? Kwao wanafukiza, kwetu tunafukiza, kila nyumba ya Unguja inafukiza, mzazi aliyetoka kujifungua anafukizwa, bi harusi anafukizwa, maiti anafukizwa. Hakuna mtu aliyewahi kukohoa kwa ubani akasema moshi umemuingia. Na mimi, kusema kweli, siku ile nilimpenda yule mtu kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Pua yangu ilipata rehema. Nilikuwa nikifika kazini mapema ili nisogeze kiti changu karibu na chetezo. Tukawa tunafukiza asubuhi, tunafukiza mchana, na siku za magunia ya Nungwi tunafukiza kutwa.

Wakati huo huo zikaja habari za Ng'ambo. Nyumba za udongo zitavunjwa, na mahali pake yajengwe majumba makubwa ya ghorofa, yenye maji ndani na vyoo vya kuvuta. Mwenye nyumba iliyomo katika kumbukumbu atapewa nyumba ndani ya majumba hayo mapya. Asiyekuwamo katika kumbukumbu atahesabiwa mpangaji, naye ajue pa kwenda.

Nyumba ya shangazi ilikuwa katika njia ya majumba hayo. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye vyumba vitatu na paa la madebe, na alikuwa ameijenga mwenyewe, mwanamke mjane, kwa bajia. Kibali cha kujengea alikuwa nacho kwa miaka mingi, chini kabisa ya sanduku, chini ya kanga za arusi yake. Alipokwenda kukitoa alikuta mchwa wamekula sanduku kwa chini. Kanga zilikuwa na matundu na kibali kilikuwa vumbi. Alinionyesha lile vumbi katika kiganja chake.

"Si kitu," nilimwambia. "Nakala ya serikali ipo. Imo katika magunia yetu."

Basi ikawa kila Ijumaa nikifika kwake, kabla sijavua buibui, "Shikamoo shangazi," naye, "Marahaba mwanangu, ushaiona?" "Bado, shangazi." "Haya, kaa ule." Alikuwa hanisumbui zaidi ya hapo. Lakini nilikuwa namwona usiku akipitisha mkono ukutani kabla ya kulala, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

Niliiona. Ilikuwa ndani ya gunia lililokuwa limekojolewa na panya mpaka kurasa zimegandana, na nilizibandua moja moja kwa kisu cha mezani, nimegeuza uso pembeni. Ilikuwa karatasi ya rangi ya maziwa yaliyoharibika, imepigwa chapa kwa Kiingereza, jina lake kamili, mtaa wake, vyumba vitatu, na chini, mahali pa kutia sahihi, dole gumba lake kwa wino wa zambarau. Shangazi alikuwa akisoma Msahafu vizuri sana, lakini hati za Kizungu hakuzijua. Alishawahi kunisimulia siku ile, karani alivyomshika dole akalikandamiza kama anayepiga muhuri kifurushi. Kwa mara ya kwanza katika chumba kile niliishika karatasi chafu na sikuona kinyaa.

Nilimpelekea mkuu. Nikamwambia hii ni ya shangazi yangu, naomba baada ya kupigwa picha nipewe, au nipewe barua ya kushuhudia kwamba ipo. Aliisoma, akalamba kidole, akaigeuza nyuma, akaisoma na huko ambako hakukuandikwa kitu.

"Binti," akasema, "wewe ni mfanyakazi wa filamu au wa makaratasi? Karatasi ni ganda tu. Kiini kimo ndani ya filamu. Mwambie shangazi yako alale usingizi."

Aliipeleka mwenyewe chini ya kamera. Niliiona ikilazwa, taa zikaimulika, lile dole la zambarau likang'ara, kamera ikalia. Chetezo kilikuwa kikifuka hapo chini. Halafu ikatupwa katika rundo la zilizokwisha, na jioni, kama kawaida yake, mkuu alisimama mlangoni akatupekua mikoba.

Nilimwambia shangazi nimeiona na imepigwa picha. Akaamka kuosha kunde. Kesho yake alinipa kikapu cha bajia nimpelekee mkuu wangu, shukurani yake. Mkuu alizila zote yeye peke yake, akilamba kidole baada ya kila moja.

Kazi ikaisha kwa haraka kuliko ilivyopangwa, kwa sababu chumba kilikuwa kinatakiwa kwa mambo mengine na mkuu alikuwa anataka kusema mbele ya wakubwa kwamba amemaliza. Makopo ya filamu yalifungwa na kusafirishwa yote kwa pamoja. Hakungoja yarudi. Makaratasi yakaanza kutolewa siku ile ile.

Hapa niseme, kwa haki yake, kwamba jambo moja alilifanya kwa adabu. Alituamuru tuchambue kila karatasi yenye hati za Kiarabu, hata kama ni kesi ya mbuzi, maana huenda juu yake pameandikwa Bismillahi, na jina la Mungu halitupwi. Tulizichambua, zikafungwa ndani ya shuka jeupe, zikaenda kuzikwa kwa heshima. Zile za hati za Kizungu zikapakiwa juu ya gari la hamali, pamoja na mavi yake na mayai yake ya mende, zikapelekwa Mlandege kwa mwenye duka wa karatasi za kufungia. Mkuu alisimama mlangoni akilisindikiza gari kwa macho, akasema, "Alhamdulillahi, tumeuondoa uchafu."

Ijumaa iliyofuata nilifika kwa shangazi saa za alasiri, wakati wa wateja wengi. Watoto walikuwa wamejaa barazani. Alikuwa akichota bajia za moto, anazitia ndani ya karatasi aliyoikunja kwa pembe, anampa mtoto, anakunja nyingine. Niliijua ile rangi kabla sijaijua harufu. Nilimpokonya mtoto mmoja karatasi yake nikaikunjua: leseni ya duka, doa la tambuu kwenye pembe, na duara la manjano ambalo nilijua vizuri sana ni mkojo wa nani. Mafuta ya moto yalikuwa yamelifufua. Mtoto akaanza kulia, akanipokonya, akailamba chumvi iliyobaki juu ya lile duara.

"Shangazi, makaratasi haya umeyatoa wapi?"

"Mlandege. Mazuri, mazito, hayatoboki mafuta. Usinitazame hivyo, nimeyakagua moja moja, hamna ya herufi za Msahafu hata moja."

"Shangazi, haya yametoka kwetu. Haya yamekojolewa na panya."

"Mafuta ya moto yanaua kila kitu," akasema, akaendelea kukunja. "Wewe nawe na kinyaa chako."

Sikula kwake siku ile, wala wiki ile. Nilikuwa nikilala naona watoto wa Ng'ambo wote wanalamba mate ya makarani waliokufa. Lakini juu ya kibali chake hatukusema neno, si mimi wala yeye. Kulikuwa na haja gani? Karatasi ilikuwa ganda tu.

Filamu zikarudi. Karani wa nyumba, kijana aliyetumwa kuhakiki wenye nyumba wa Ng'ambo, akapewa mashine ya kusomea ndani ya chumba kile kile, kilichokuwa bado hakijachukuliwa, na watu wakaambiwa waje mmoja mmoja. Nilimleta shangazi mwenyewe. Alikuwa amevaa buibui jipya na amejitia ubani nguoni, kwa sababu anakwenda serikalini.

Karani akatia mkanda, akazungusha mkono wa mashine. Kioo kilikuwa cheupe. Akazungusha tena. Si cheupe cha kitu kitupu; kilikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu kulikuwa na vivuli vya mistari, kama maandishi uliyoyatazama kupitia maji ya wali. Akatoa mkanda ule akatia mwingine. Ukungu. Mwingine, ukungu mzito zaidi. Akarudi kwenye mikanda ya mwanzo, ya wakati wa fundi, na pale kila kitu kilikuwa safi, leseni za baiskeli na mbavu za panya.

"Hii kamera mlikuwa mnaipikia?" karani akauliza.

Mpiga kamera wetu alikwenda kwenye kamera iliyokuwa bado imesimama pembeni, akavua kofia yake, akafuta kile kioo kinachotazama chini. Kofia ilipata doa la rangi ya asali, la kunata. Akanisogezea ninuse. Sikuwa na haja ya kunusa, lakini nilinusa.

Mkuu aliitwa. Alikitazama kioo cha mashine kwa muda mrefu, akaitazama kofia.

"Haiwezekani," akasema. "Tulipiga marufuku moshi. Ubao si ule pale?"

"Ubani, Bwana Mkubwa," mpiga kamera akasema.

"Ubani si moshi."

Alisema hivyo kwa moyo safi kabisa. Hakuwa anadanganya, hakuwa anajitetea. Laiti angekuwa anadanganya, ningemchukia kwa raha. Kisha akageuka kwa karani, akafungua jalada lake, akalamba kidole, akafunua mpaka alipofika kwenye taarifa iliyosema kwamba kazi imekamilika na kupokewa. Nilikitazama kile kidole kikitoka mdomoni kinang'ara.

"Mimi siwezi kuandika nisichokiona," karani akasema. Hakuwa mtu mbaya. "Bibi ana karatasi yake mwenyewe?"

"Ililiwa na mchwa," nikajibu.

"Na ya serikali?"

Shangazi alikuwa amekisogelea kioo cha mashine, ameinama, anautazama ule ukungu kwa makini, jicho moja amelifumba.

"Hii ndiyo nyumba yangu?" akaniuliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Mbona siioni?"

Tulirudi Ng'ambo kwa miguu. Alipofika aliingia ndani moja kwa moja, akatoa lile fungu la makaratasi ya Mlandege lililobakia, akalimwaga sakafuni, tukakaa kitako mimi na yeye. Nilisoma kila moja. Nilizibandua zilizogandana kwa kucha zangu, nikazifuta mavi kwa kiganja, nikazisogeza karibu na macho maana mwanga ulikuwa mdogo. Sikujifunga kitambaa. Zilikuwa leseni, faini, ruhusa za mazishi, nyumba za watu wengine. Ya kwake haikuwamo.

"Ile yangu ilikuwa na dole," akasema, wakati nimeshafika mwisho.

"Ndiyo."

"Zilikuwapo nyingi zenye dole. Za zambarau." Alikuwa akitazama mikono yake. "Nilikuwa kila nikikunja naziona. Nikawa nasema, maskini, watu gani hawa."

Nyumba ilivunjwa kabla ya mvua. Majirani wa kulia na kushoto, ambao karatasi zao hazikuliwa na mchwa, wakaandikiwa ghorofa. Shangazi akahamia kwangu, katika chumba kimoja cha kupanga, akalala kitanda kimoja na mimi. Mkuu wa chumba alihamishwa akapewa ofisi kubwa zaidi, yenye madirisha. Siku shangazi alipotoka nyumbani kwake alitaka kufukiza, kama inavyofanywa na watu wanaoondoka kwa heri. Alikuwa ameshawasha mkaa. Ubani ulipoanza kunukia nilikishika chetezo kwa kanga nikakimwaga ndani ya ndoo ya maji.

"Mwanangu, hata ubani sasa una kinyaa nao?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo. Na ni kweli. Mavi ya panya leo nayafagia bila ya kukunja uso, sifa ya Nungwi naweza kuisikia nikaendelea kula. Lakini ubani sitaki nipite karibu nao. Nikialikwa arusini na chetezo kikaanza kuzunguka, natafuta viatu vyangu. Ile harufu tamu inanikaa kooni kama kitu kilichooza, naiona inapanda polepole na kukaa juu ya kila kitu, nyeupe, haina haraka, na watu wameiinamia wanashukuru.

Shangazi hakukaa kwangu miaka mingi. Alipofariki waliitwa waoshaji, na mimi ndiye niliyetakiwa kuwa kichwani kwake, maana sikuwa na mama mwingine wala yeye hakuwa na mwana mwingine. Nilikunja mikono ya nguo, nikatia maji ya uvuguvugu ndani ya kopo, nikamshika mkono. Dole gumba lilikuwa na kovu dogo la mafuta ya bajia. Halafu mama mmoja akaingia na chetezo, akakiweka chini ya kitanda kama ilivyo desturi, na moshi ukaanza kupanda.

Nilijizuia kadiri nilivyoweza. Kisha nikaliweka kopo chini nikakimbilia uani, nikainama ukutani, nikatapika mpaka hakukuwa na kitu cha kutapika. Wanawake walitoka wakanishika mabega, wakasema masikini, kilio kimemzidi, mwacheni apumzike. Wakaingia ndani wakafunga mlango. Shangazi yangu akaoshwa na watu wengine.